Kumrekebisha Mfanyakazi Bila Kumvunja

(Hotuba kwa wanyapara, wasimamizi na wawakilishi wa wafanyakazi wa Kitui na Makueni)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu mlipolisikia mliuliza, je, hili nalo ni la chama? Jambo lenyewe ni hili: kiongozi amwambieje mfanyakazi kwamba kazi yake haikuwa sawa. Sisi tumezoea kukutana kwa ajili ya mishahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Hayo ni makubwa na hatutayaacha. Lakini si mara chache mtu hupoteza kazi yake kwa sababu ya maneno. Mnyapara alisema neno, mfanyakazi akajibu neno, meneja akaitwa, na jioni mtu yuko njiani kurudi kwake, na karo ya watoto haijulikani itatoka wapi. Ugomvi wa namna hiyo tungeweza kuuzuia asubuhi yake, kwa dakika kumi za kusema vizuri. Ndiyo sababu nasema hili ni la chama, tena ni la chama hasa.

Nikisema kiongozi simaanishi meneja peke yake. Katika kaunti zetu mbili, kiongozi ni mnyapara wa wakata mkonge huko Kibwezi. Ni mama anayesimamia wachaguzi wa maembe. Ni fundi mkuu katika chumba cha cherehani, ni mkuu wa wauguzi katika wodi, ni msimamizi wa genge la barabara. Wengi wa hawa walikuwa wafanyakazi wa kawaida jana, na wengine ni wanachama wetu hata leo. Na mwakilishi wa wafanyakazi naye ni kiongozi, hata kama hapewi hata shilingi moja zaidi. Kwa hiyo maneno haya ni yetu sote tuliomo humu.

Kwanza tutazame nyumbani. Wakamba hatukungoja kufundishwa na mtu namna ya kufanya kazi pamoja. Tuna mwethya. Watu hukutana, leo wakalima shamba la huyu, kesho la yule, na pana mtu anayeongoza. Mtu huyo akiona mstari umepinda husema, nao hunyoshwa. Hakuna anayekwenda nyumbani akinuna, kwa sababu kila mtu ajua kwamba kesho kazi itakuwa katika shamba lake mwenyewe.

Sasa sikilizeni jambo lililotokea mwethya ulipochukuliwa ukafanywa amri. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Ukambani unakwenda na maji. Hilo lilikuwa kweli, na wazee wenyewe waliliona. Lakini dawa ilikuja kwa nguvu. Watu waliamrishwa kuchimba matuta kwa kazi ya lazima, wakayachukia. Mwaka 1938 serikali ikaamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu, ikawachukua na kuwauza. Muindi Mbingu na wenzake wakawaongoza watu kwenda Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakakaa huko wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Mwishowe serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa lazima. Lakini Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu.

Na katika miaka ya 1950 ikawa namna nyingine. Vikundi vya mwethya viliachwa vichague viongozi wao wenyewe, na wengi wa viongozi na wafanyakazi wakawa wanawake. Watu wakapata nafasi ya kusema ni tuta la namna gani linafaa shamba lao. Kazi ikaenda. Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliandika kitabu kilichotoka mwaka 1994 juu ya wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa ndani yake mpaka mwaka 1992. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Sababu zake ni nyingi, na bei ya mazao sokoni ni mojawapo. Lakini mtu hawezi kukana kwamba watu walichimba vizuri zaidi waliposikilizwa.

Fundisho ni nini? Ni kwamba kuwa na haki katika jambo unalolisema hakutoshi. Serikali ile ilikuwa na ukweli mkononi juu ya udongo, ikauharibu kwa namna ya kuuleta. Mnyapara naye anaweza kuwa na ukweli kabisa, kwamba kazi ni mbovu, na akauharibu kwa kinywa chake. Basi nitasema mambo sita ya kushika.

La kwanza: sema mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wako wasimamizi wanaoona kosa Jumatatu wakanyamaza, wakaona jingine wiki ya pili wakanyamaza, kisha siku wakiwa na hasira zao za nyumbani wakafungua daftari lote. Mfanyakazi asikia makosa ya miezi mitatu kwa dakika tano. Atafanya nini? Hawezi kuyakumbuka, wala hawezi kuyajibu. Ataona amewindwa. Kosa la leo lisemwe leo, au kesho asubuhi ikiwa leo una hasira.

La pili: sema kazi, usimseme mtu. Tuseme fundi wa cherehani ameshona sare za shule na mshono wa bega unaachia. Msimamizi mmoja atasema, "Wewe ni mzembe, hujui kazi." Mwingine atasema, "Dada, tazama nguo hizi tatu za asubuhi. Mshono wa bega umeachia mahali pamoja katika zote tatu. Tutazame uzi na sindano." Wa kwanza amempa mtu jina, na jina halina dawa. Wa pili amempa kazi ya kufanya. Na huenda wakikagua wakaona ni mashine yenyewe inayoruka nyuzi, wala si mkono wa dada yule.

La tatu: mwambie faraghani, lakini si mafichoni. Kumkaripia mtu mzima mbele ya genge, mbele ya vijana wa umri wa watoto wake, ni kumvua nguo. Katika nchi yetu hii mtu aweza kusamehe kukatwa mshahara, lakini aibu ya mbele za watu huibeba mpaka kaburini. Mwite pembeni. Lakini hapa nasema na wanaume hasa: pembeni si ndani ya stoo iliyofungwa mlango. Mwanamke mfanyakazi asiitwe peke yake mahali pa siri kwa kisingizio cha kuonywa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza unyanyasaji wa kijinsia kazini, na yataka kila mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na taratibu zilizoandikwa za kuuzuia. Kaeni mahali ambapo watu wawaona lakini hawasikii mnalosema.

La nne: uliza kabla ya kuhukumu. Mfano ni huu. Mfagiaji wa hospitali aonekana ameacha sakafu chafu siku mbili. Akiulizwa, atasema sabuni ilikwisha tangu Ijumaa na karani wa stoo hajaleta. Basi kosa ni la nani? Mfano mwingine ni wa mama anayechelewa nusu saa kila Jumanne na Alhamisi. Sote twajua nchi yetu. Kiangazi kikishika, mtu huamka saa tisa usiku kupanga foleni kisimani, na punda hana saa. Sisemi kwamba mama huyo achelewe mwaka mzima, maana wenzake ndio wanaobeba kazi yake, nao pia wana visima vyao. Nasema kwamba ukijua sababu utaweza kupata njia, kama kubadilishana zamu na mwenziwe siku hizo mbili. Usipouliza utaandika "mtoro", na utakuwa umeandika jambo lisilo kweli.

La tano: onyesha njia na weka siku. Kumwambia mtu "jirekebishe" ni kama kumwambia msafiri "nenda" bila kumwonyesha barabara. Mchaguzi wa maembe aliyeweka maembe yaliyooza pamoja na mazima, simama naye robo saa. Shika embe, mwonyeshe doa linalokubaliwa na lisilokubaliwa, umwache achague mbele yako. Kisha mpatane: "Ijumaa tutatazama tena, mimi na wewe." Hapo ameondoka akijua atapimwa kwa nini na lini. Na ikiwa hujui kuonyesha kazi yenyewe, basi tafuta anayejua, kwa maana mtu hawezi kumdai mwenziwe kitu asichoweza kukitaja.

La sita: rudi ukatazame, na ukikuta ni vizuri, useme. Wako wanaotutajia methali ya mgema, kwamba akisifiwa tembo hulitia maji, wakafanya hiyo kuwa sababu ya kutosema neno jema mwaka mzima. Ndugu zangu, methali hiyo yaonya juu ya sifa za bure. Haikusema tufiche ukweli. Kumwambia mtu, "Ijumaa iliyopita kreti nne zilirudishwa, leo hakuna hata moja," si kumpamba. Ni hesabu. Aliyeonywa kwa hesabu ana haki ya kusifiwa kwa hesabu.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa sababu mambo haya si adabu njema tu. Kifungu cha 41 cha ile Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, au kwa kazi duni, au kwa sababu ya udhaifu wa mwili, ni lazima amweleze sababu hiyo katika lugha anayoielewa. Tafadhalini, lishikeni neno hilo. Mzee aliyekata mkonge miaka mingi na Kiingereza hakijui, asisomewe mashtaka kwa Kiingereza akaambiwa atie sahihi. Aelezwe kwa Kiswahili, na kama ni lazima, kwa Kikamba. Tena ana haki ya kuwa na mwenziwe wa kazi au mwakilishi wa chama, yule anayemtaka yeye, na hao wote wawili wasikilizwe kabla ya kukata shauri. Hata mtu anayeshitakiwa kosa kubwa la kufukuzwa papo hapo ana haki ya kusikilizwa kwanza. Kwa kifungu cha 43 ni juu ya mwajiri kuthibitisha sababu. Akishindwa, kuachisha huko si kwa haki, na mahakama yaweza kumtoza fidia inayofika mishahara ya miezi 12.

Kwa hiyo mnyapara anayesema mapema, na kwa wazi, na kuandika tarehe, anamlinda mfanyakazi na pia anailinda kampuni. Na yule anayenyamaza kisha akafukuza, anawaumiza wote wawili.

Lakini sheria hiyo ina upande wa pili, nao wanachama wengi hawaujui. Kifungu cha 44 chataja makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu mara moja, na mojawapo ni kumtukana mwajiri au mtu aliyewekwa na mwajiri juu yako. Sasa tazameni hatari yake. Mnyapara akianza kutukana, na mfanyakazi akajibu tusi kwa tusi, mwenye kusimama mbele ya meza ya meneja ni mfanyakazi. Mnyapara wa namna hiyo humtegea mtu mtego hata kama hakukusudia. Ndiyo maana nasema tusi la msimamizi si jambo dogo la kuchekwa. Na wewe mwanachama, ukitukanwa, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nyamaza, tazama saa, tazama ni nani alikuwapo, kisha njoo kwa mwakilishi wako. Tukiwa na saa na mashahidi tutakuwa na la kusema. Tukiwa na matusi ya pande mbili hatutakuwa na kitu.

Vilevile juu ya barua za onyo. Usitie sahihi barua usiyoielewa. Omba isomwe. Na kama hukubali yaliyomo, una njia: andika kwamba umeipokea lakini hukubaliani nayo, uandike na tarehe. Kuitupa chini au kuichana hakukusaidii.

Nimekuja sasa kwenye sehemu iliyo ngumu zaidi, nayo yatuhusu sisi wawakilishi. Kuna wanaodhani kwamba kazi ya mwakilishi ni kumtetea mwanachama katika kila jambo, awe amefanya au hakufanya. Mwanachama huja amelewa, na mwakilishi asema ni homa. Siku ya kwanza meneja atasadiki. Siku ya pili atacheka. Siku ya tatu ataletwa mtu asiye na hatia yoyote, aliyesingiziwa, na mwakilishi atasimama kumtetea, lakini neno lake halitakuwa na uzito tena. Hapo ndipo mtu mwema anapopotea kwa sababu ya uwongo tuliousema kwa ajili ya mwingine.

Kumtetea mtu ni kuhakikisha kwamba ameambiwa kosa lake, amesikilizwa, amepewa nafasi, na adhabu hailizidi kosa. Hilo tutamfanyia kila mwanachama, hata mwenye kosa. Lakini kisha, tukitoka nje ya ofisi, tuketi naye na kumwambia ukweli: "Ndugu, leo tumekuokoa. Lakini pombe hii itakumaliza, na wenzako ndio wanaoinua mzigo wako." Maneno hayo yakitoka kwa mwenziwe yana nguvu kuliko barua tatu za meneja. Ni maneno ya mwethya. Chama kisichoweza kuwarekebisha watu wake kwa upole kitawaachia matajiri wawarekebishe kwa ukali.

Wala tusiwasahau wanyapara wenyewe. Mtu huyu amekaa kati ya nyundo na fuawe. Juu yake meneja ataka hesabu ya magunia na kreti, chini yake watu wamechoka na jua la Makindu si jua la mchezo. Wengi wao walipandishwa kwa sababu walikuwa hodari kwa kazi za mikono, na hakuna aliyewafundisha namna ya kusema na watu. Walikaripiwa wao, nao wakadhani kukaripia ndiyo kazi. Basi tukikutana na waajiri, pamoja na mishahara tudai pia mafunzo ya wasimamizi, kwa saa za kazi na kwa gharama ya mwajiri. Ni madai halali. Katika Mkataba wa Uhusiano Kazini wa mwezi wa Oktoba mwaka 1962, wakati Tom Mboya alipokuwa Waziri wa Kazi, serikali, shirikisho la waajiri na shirikisho la wafanyakazi walikubaliana kwamba mambo ya kazini yatengenezwe kwa kushauriana. Kushauriana hakuanzi katika chumba cha mkutano Nairobi. Kunaanza pale shambani, mnyapara anapomwita mtu pembeni.

Na msimamizi naye akubali kuambiwa. Kama wewe unamwambia mtu makosa yake kila wiki, na miaka miwili imepita bila mtu kukuambia lako hata moja, usidhani huna kosa. Ujue kwamba watu wanakuogopa. Waulize siku moja mwisho wa zamu: "Ni jambo gani ninalofanya linalowazuia kazi yenu?" Kisha funga mdomo usikilize.

Ndugu wanachama, naomba kila tawi lifanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Moja, kila mwakilishi aisome sehemu ya nidhamu katika mkataba wenu, na awaelezee wanachama kwa lugha wanayoielewa. Pili, katibu aweke daftari la maonyo yote yanayotolewa, na tarehe zake, ili tujue ni sehemu gani watu wanaonywa kwa haki na ni sehemu gani wanawindwa. Tatu, mkae na wanyapara wenu, msingoje mpaka pawe na ugomvi, mpatane namna ya kuambiana.

Wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa. Mnyapara peke yake hawezi kuifanya kazi iwe nzuri, na mfanyakazi peke yake hawezi kuilinda haki yake. Tukiambiana ukweli mapema, kwa heshima, kazi itakuwa nzuri na hakuna atakayelala njaa kwa sababu ya neno moja la hasira.